Bi Taratibu na Programu ya Miguu

Siku mguu wa mwashi ulipokataa kumkaa, Fundi Mkuu hakupoteza muda kumtafuta mchawi. Alitafuta simu.

Mwashi alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha kujaribishia, suruali kaikunja juu ya goti, gutu la mguu wake wa kushoto limevishwa soksi safi. Alikuwa mwanamume wa miraba minne na mcheshi, aliyezoea kupanda majukwaa ya ujenzi kama wengine wanavyopanda ngazi za nyumbani kwao, mpaka siku ukuta ulipomwangukia. Mguu huo wa bandia aliusubiri kwa hamu. Sasa ulikuwa umeletwa, unang'aa, na kikombe chake, ile sehemu ya juu inayovalishwa kwenye gutu, kilikuwa kipana mpaka kinazunguka chenyewe.

"Fundi," mwashi alisema akiugeuzageuza, "mguu ni mzuri sana. Ila nadhani mwenyewe bado hajafika."

Watu wote chumbani waliangua kicheko isipokuwa Fundi Mkuu. Yeye alikuwa ametengeneza miguu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na mkono wake aliujua. Alikuwa amefuata vipimo vilivyochapishwa na kompyuta, mstari kwa mstari. Akaenda mapokezi, akaomba afunguliwe ukurasa wa mwashi. Vipimo vilikuwa sawa kabisa, vya mtu mwenye gutu jembamba. Akavuka ukumbi mpaka chumba cha plasta, akafungua ukurasa uleule kwenye kompyuta ya huko. Juu liliandikwa jina la mwashi. Chini vilikuwa vipimo vya bwana mmoja mnene aliyekuja wiki ileile.

Fundi Mkuu alitoka nje uani, akapiga simu.

"Shemeji," alisema, "programu yako imeanza kuona mawenge."

"Programu yangu?" ilijibu sauti ya mwanamke. "Hiyo niliwaachia zamani. Mmeifanya nini?"

"Sisi? Hatujaigusa hata kwa ukucha! Tumebadilisha kompyuta tu."

Kicheko kikasikika. "Tumebadilisha kompyuta *tu*. Haya. Nakuja kesho asubuhi. Mpaka nifike, mtu yeyote asiandike kitu humo ndani. Tumieni karatasi. Umenisikia, shemeji?"

"Nimesikia."

"Karatasi!"

Jina lake halisi wengi hawakuwahi kulijua. Tangu alipoanza kazi aliitwa Bi Taratibu, kwa kuwa neno hilo halikumtoka mdomoni. Mtu akija mbio akihema kwamba mashine imekufa, yeye alikuwa akisema, "Taratibu. Imekufa vipi?" Wengine walidhani ni mzito. Waliofanya naye kazi walijua kwamba mwanamke huyo alikuwa na kasi, sema kasi yake haikuwa ya miguu.

Alikuwa binti wa fundi makochi. Utotoni alikaa chini ya meza ya baba yake akipanga misumari kwa ukubwa na kufumua vitambaa vya zamani ili aone vilishonwaje. Alipomaliza shule aliajiriwa kupiga chapa katika ofisi ya bohari la dawa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa hapo, wakubwa waliiweka kwenye chumba chake peke yake, wakaifunika kitambaa cheupe kama bibi harusi, na kila mmoja akawa na sababu ya kutoingia. Bi Taratibu aliingia. Alikifunua kitambaa, akasoma kitabu cha maelekezo tangu jalada hadi jalada, na baada ya muda akawa anaitwa kila ilipogoma. Ndipo wakampeleka mafunzoni. Darasani alikuwa mwanamke pekee, na aliporudi alikuwa anajua kuandika programu mwenyewe.

Baadaye aliacha ajira, akafungua chumba cha kazi mbele ya nyumba yake. Aliandikia programu shule, mabohari na karakana za kila namna. Programu zake hazikuwa na urembo: skrini ya kijivu, herufi nyeupe, vitufe vilivyofanya kile vilichosema. Ile ya karakana ya miguu ya bandia aliiandika kwa sababu Fundi Mkuu alikuwa rafiki wa mumewe tangu ujana, na pia kwa sababu kazi yenyewe ilimgusa. Alishinda kwenye karakana hiyo mpaka nguo zake zikanuka plasta, akitazama mtu anavyopimwa, anavyofinyangiwa kalibu, anavyojaribishwa. Kisha akatengeneza hifadhidata ya pamoja: faili zote zilikaa kwenye kompyuta moja kubwa, na kompyuta za vyumba vingine zilizifikia kwa waya, ili kinachoandikwa mapokezi kisomwe na kila chumba papo hapo. Watu waliipa jina la Programu ya Miguu, na tangu hapo ilifanya kazi bila kulalamika.

Asubuhi baada ya ile simu, alipokuwa akifunga kamba za viatu, mumewe alitokea jikoni na kijiko mkononi. Alikuwa mwalimu wa hisabati mstaafu, na tangu astaafu alikuwa ameliteka jiko lote, hata chumvi ilibidi iombwe kwake.

"Unakwenda tena kulala chini ya meza za watu?" aliuliza.

"Siendi kulala. Naenda kutazama."

"Na goti?"

"Goti naenda nalo. Ningeweza kuliacha, ningekuachia wewe."

Mumewe alicheka, akamfungashia chakula.

Karakana ilikuwa jengo refu la chini, lenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili. Kwenye rafu za mlangoni zilipangwa nyayo za bandia, kubwa na ndogo, nyingine tayari zimevishwa viatu. Bi Taratibu alilakiwa na Dada wa Mapokezi, mwanamke mwenye sauti ya bashasha ambaye alijua wagonjwa wote kwa majina na kwa matatizo ya nyumbani kwao. Kutoka chumba cha plasta alitokea Mpima, aproni imeganda kwa plasta, akasalimia kwa kiwiko kwa kuwa viganja vyake vilikuwa vyeupe. Na kando ya kabati la seva, ile kompyuta kubwa mpya, alisimama mhandisi wa mtandao, mwanamume mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, kompyuta ndogo kwapani. Ndiye aliyeleta mashine mpya na kuziunganisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Waya hizi amefunga nani?"

Mhandisi alijikaza, akingoja lawama. "Mimi."

"Hongera. Miaka mingi naingia kwenye makabati ya watu natoka na buibui. Hapa mtu anaweza kunywea chai."

Mabega ya mhandisi yalishuka. Tangu mwashi ajaribishwe mguu wa mtu mwingine, hakuna aliyekuwa amemwambia neno jema.

"Mama, nami nikueleze ukweli, nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema. "Nimeiangalia programu hii. Imekula chumvi nyingi mno. Ningekuwa na uamuzi, ningeizika leo."

"Hata mimi siku moja nitaizika," alijibu Bi Taratibu, akivuta kiti. "Lakini leo ina vipimo vya watu tumboni. Kwanza tujue inaumwa nini."

Jambo la kwanza alilotaka ni nakala. Mhandisi alikuwa amekwisha kuchukua moja kabla ya kuhamisha mafaili kwenye seva mpya, ameiweka pembeni bila kuguswa, na aliposema hivyo Bi Taratibu alimtazama kwa jicho jipya. Walichukua nyingine ya hali ilivyo sasa. Baada ya hapo ndipo alipowaita wafanyakazi, mmoja mmoja. Hakumuuliza mtu tatizo ni nini. Alimuuliza kila mmoja alikuwa anafanya nini hasa pale mambo yalipoharibika.

Dada wa Mapokezi alisema alikuwa anaandikisha mgonjwa mpya, na mara mgonjwa huyo alipotea kwenye skrini kama aliyeitwa nje. Mpima alisema anafungua jina la huyu anapata mguu wa yule. Kisha akapunguza sauti, akaelekeza kidevu upande wa pili wa ukuta.

"Mimi nasema ni tanuri, mama. Likiwashwa, taa zinafifia. Na taa zikififia, kompyuta inapumbaa."

Tanuri lilikuwa kubwa, la kulainishia plastiki ya vikombe, na Fundi Mkuu alilipenda kama mtoto wa kitindamimba.

"Tanuri langu lisisingiziwe!" alipaza sauti kutoka ukumbini. "Lilikuwepo hata zama za kompyuta za zamani."

"Hatulisingizii, shemeji, tunalihoji tu," alisema Bi Taratibu. "Liwashe."

Tanuri likawashwa. Taa zilifumba na kufumbua jicho. Bi Taratibu alifunga programu kwenye kompyuta zote isipokuwa ile ya chumba cha plasta, akaanza kuingiza wagonjwa wa kubuni, akiwabadilishia vipimo, akiwafuta, akiwarudisha. Aliendelea hivyo mpaka chumba kikawa cha joto na Mpima akachoka kusubiri kosa. Halikutokea. Kila mgonjwa alikuwa na mguu wake.

"Mshitakiwa ameachiwa huru," alitangaza Fundi Mkuu, akaenda kulizima tanuri lake kwa heshima.

"Sasa tunajua jambo moja," Bi Taratibu alimwambia mhandisi. "Mtu akiwa peke yake humo ndani, programu ni nzima. Tuwaweke wawili."

Yeye alibaki mapokezi, mhandisi akaenda chumba cha plasta. Kwa kuwa ukumbi ulikuwa mrefu, ilibidi wapigiane kelele, na wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi wakawa wanageuza shingo huku na huku kama watazamaji wa mpira.

"Nimeandika kiatu cha kulia!" aliita Bi Taratibu.

"Nakiona!"

"Nimebadilisha, sasa ni cha kushoto!"

"Bado cha kulia!"

"Angalia tena!"

"Cha kulia, mama!"

"Funga ukurasa, fungua upya!"

Sauti ya mhandisi ikaja, imebadilika. "Mama, nimefungua jina la mgonjwa wako wa kwanza, kimekuja kiatu cha mgonjwa wa tatu."

Mzee mmoja aliyekaa na magongo yake aliuliza kama inawezekana yeye apewe cha mgonjwa wa nne, kwa sababu chake kinabana. Ukumbi wote ulivunjika mbavu. Bi Taratibu alicheka pamoja nao, lakini macho yalibaki kwenye skrini. Kosa lilikuwa limejitokeza mbele yake, tena kwa kuitwa. Kwake yeye hiyo ilikuwa nusu ya kazi.

Mhandisi alirudi polepole, akikuna ndevu.

"Nadhani najua," alisema. "Hizi kompyuta mpya zina tabia ambayo zile za zamani hazikuwa nayo. Ili zisiisumbue seva, zikishasoma faili zinabaki na nakala yake karibu. Ukiuliza tena, badala ya kwenda seva, zinakujibu kwa ile nakala."

"Hata kama seva imeshabadilika?"

"Kwa muda, ndiyo; programu ikiachwa wazi, hata kutwa. Kwa barua na picha haidhuru mtu."

Bi Taratibu alivua miwani. "Programu hii niliiandika nikiamini kwamba ukiuliza, unapewa jibu la sasa hivi. Na ina faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu: mwashi yuko ukurasa fulani. Kama mapokezi wameongeza kurasa, na huku plasta wanasoma faharasa ya tangu asubuhi..."

"Wanafungua ukurasa wa mtu mwingine," mhandisi alimalizia.

"Na wakiandika, wanaandika juu ya mtu mwingine."

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa ameshika upande wake wa jambo lilelile, na hakuna aliyekuwa na pande zote mbili mpaka muda ule.

"Unaweza kuizuia hiyo tabia?" aliuliza Bi Taratibu.

"Kwa folda hii tu, naweza. Naiambia seva isimruhusu mtu kukaa na nakala yake. Kila anayetaka kitu aje aulize."

"Itapunguza kasi?"

"Hamtaona."

Mhandisi alikaa kwenye seva, vidole vikaanza kucheza. Bi Taratibu alijenga faharasa upya, kisha wakarudia zile kelele za ukumbini. Kulia kikawa kulia, kushoto kikawa kushoto. Walijaribu kumvizia mgonjwa mmoja kwa pamoja, na programu ikamwambia wa pili kwa adabu kwamba ukurasa unatumika, asubiri. Ndivyo alivyokuwa ameifundisha miaka yote hiyo. Fundi Mkuu aliwapa mikono wote wawili, na chakula cha mumewe kikaliwa na watu wanne.

Furaha haikufika jioni. Baada ya mapumziko ya mchana Mpima alitoka chumbani kwake amekunja uso.

"Imerudi," alisema.

Kwenye skrini kulikuwa na maandishi kwamba faili halipatikani, na mgonjwa wa kubuni aliyekuwa akiingizwa alikuwa amebaki nusu: ana jina na kimo, hana mguu. Walipojaribu tena pale pale, ilikubali. Wakajaribu mara nyingi, ikakubali zote. Mhandisi alifungua na kufunga mambo mengi kwenye seva bila kupata kitu. Fundi Mkuu, bila kujijua, aliligeukia tanuri na kulitazama.

"Hapana, shemeji," alisema Bi Taratibu. "Hilo lilishaachiwa huru. Karatasi ziendelee. Kesho."

Alirudi nyumbani kwa miguu, akipita njia ya maduka. Mvua fupi ilikuwa imenyesha, na mafundi simu walikuwa wanakausha meza zao kwa matambara. Hakuwa na hofu. Kilichomkera ni kwamba alikuwa ameshasema moyoni "nimemaliza," na huwa halisemi neno hilo mapema. Goti lilikuwa linamchonyota. Mumewe alimwekea kigoda cha kunyooshea mguu na kitambaa kilichochovywa maji ya moto.

"Limekushinda?" aliuliza.

"Halijanishinda. Nilikuwa natafuta kosa moja, kumbe yako mawili, na la pili lilikuwa limejificha nyuma ya mwenzake."

"Kesho utaanzia wapi?"

"Chumba cha plasta. Leo nilikuwa natazama kompyuta. Kesho natazama watu. Nitakaa tu."

Mwalimu alielekeza kidole sebuleni. "Basi chukua mto. Viti vya karakana navijua."

Asubuhi yake Bi Taratibu alikaa kwenye pembe ya chumba cha plasta, juu ya mto wa sebuleni, mikono mapajani. Mwanzoni Mpima alikuwa na haya, anageuka geuka. Baadaye alimsahau. Aliingia bibi mmoja mwembamba wa kuchukuliwa kalibu. Mpima alimfungulia ukurasa wa majaribio kwenye kompyuta, kama walivyokubaliana, akaandika jina, kisha akachovya bendeji za plasta majini, akaanza kumzungushia bibi kwenye gutu, akipapasa na kulainisha, huku wakiongea habari za wajukuu. Kazi hiyo haiharakishwi. Mikono ilikuwa myeupe mpaka viwikoni. Kompyuta hakuna wa kuigusa. Skrini ikafifia. Baadaye ikazima kabisa, na taa ndogo ya ubavuni ikaanza kuwaka na kuzima polepole.

Plasta ilipokauka, Mpima alinawa, akafuta mikono, akagusa kipanya. Skrini iliwaka, ukurasa wa bibi upo vilevile kama alivyouacha. Akaanza kuandika vipimo. Faili halipatikani.

"Simama hapo hapo, mwanangu," alisema Bi Taratibu, na sauti yake ilikuwa na furaha kubwa ajabu. "Usiguse kitu. Niitie mhandisi."

Mhandisi alikuja mbio. Alipoiona ile taa ndogo na kusikia habari za skrini, alijipiga kofi la paji la uso.

"Inalala! Zimekuja kutoka kiwandani zimepangwa zilale zenyewe, kuokoa umeme. Ikilala inakata mtandao. Ikiamka, programu inaona ukurasa bado uko kwenye skrini, inadhani na seva bado imeishika mkono."

"Na inaandika nusu."

"Inaandika nusu. Mama, nimepita mbele ya kompyuta hii mara ngapi?"

"Ulikuwa unaikuta macho. Kila ukiigusa unaiamsha mwenyewe, utajuaje?" Bi Taratibu alijiinua kwa kushika meza. "Na kule mapokezi hailali, kwa sababu yule dada hajawahi kunyamaza kiasi hicho."

"Nimesikia!" iliita sauti kutoka ukumbini.

Mhandisi alizima usingizi kwenye kompyuta zote, na kwenye kadi za mtandao pia, ambazo nazo zilikuwa na tabia ya kusinzia kivyake. Kisha, bila kuombwa, akaipangia seva iwe inachukua nakala ya Programu ya Miguu kila siku kabla kazi haijaanza. Walimwacha Mpima afanye kazi zake za kawaida mchana kutwa, plasta juu ya plasta, na kila aliporudi kwenye kompyuta, ukurasa ulipokea alichoandika.

Zikabaki zile kurasa zilizokwisha kuchafuka. Mhandisi alilinganisha nakala yake ya kabla ya kuhama na hali ya sasa, akatoa majina yote yenye mashaka. Bi Taratibu angeweza kukaa kupatanisha tarakimu, lakini Fundi Mkuu alikataa katakata.

"Mguu wa mtu haukisiwi," alisema. "Waiteni. Nitawapima kwa mkono wangu."

Dada wa Mapokezi alishika simu, na katika siku zilizofuata mabenchi ya ukumbini yalijaa. Hakuna aliyenung'unika sana, maana aliwaeleza habari za yule mzee na kiatu cha mgonjwa wa nne kwa namna ambayo kila mmoja alifika anacheka.

Mwashi aliitwa kujaribu mguu wake mpya siku ambayo Bi Taratibu alikuwepo kwa shughuli nyingine, akaalikwa chumbani. Kikombe kiliingia, kikashika. Mwashi alisimama katikati ya vyuma viwili vya kujifunzia, akakiachia kimoja, akaviachia vyote. Alikwenda mpaka kwenye kioo, akajitazama kwa muda bila mzaha wowote, na wenzake wakatazama pembeni ili wampe nafasi. Kisha akageuka, akatembea hadi ukutani, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akausikiliza.

"Nani alipiga lipu ukuta huu?" aliuliza. "Huyu mtu anastahili kufungwa."

Fundi Mkuu alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia macho. Bi Taratibu alitoka nje kidogo, kwa sababu na yeye macho yake yalikuwa yameanza ukaidi.

Juma lililofuata walikaa kikao, chai mezani. Fundi Mkuu alitaka kutoa shukrani na kutangaza kwamba Programu ya Miguu itadumu mpaka yeye astaafu. Bi Taratibu alimwacha amalize.

"Asante, shemeji. Sasa tupange namna ya kuiondoa."

Chai ilimpalia Fundi Mkuu. Hata mhandisi alitoa macho.

"Umeiponya juzi juzi tu," alisema Fundi Mkuu kwa uchungu, "leo unataka kuizika?"

"Nimeiponya ituvushe salama. Lakini sikilizeni. Inafanya kazi kwa sababu tumezima hiki na tumefungua kile. Kompyuta moja mpya ikiletwa, na mtu akasahau, tunarudi kulekule. Watu hawa wanakuja hapa kusimamishwa tena kwa miguu yao. Siwezi kuwaachia programu inayotegemea kumbukumbu za mtu." Alimgeukia mhandisi. "Wewe ulisema ungeizika. Ulikuwa na haki, ila haraka. Tuizike vizuri, mimi na wewe. Ya zamani na mpya ziende sambamba, kila kipimo kilinganishwe, na ya zamani isizimwe mpaka Mpima mwenyewe aseme izimwe."

"Mimi?" Mpima alishtuka.

"Wewe ndiye unayeitumia ukiwa na plasta mkononi. Nani mwingine?"

Ilikuwa kazi ya miezi. Bi Taratibu alifika mara kwa mara, mto wake sasa ukiwa na mahali pake kwenye kabati. Mhandisi alimwonyesha jinsi hifadhidata za siku hizi zinavyojilinda zenyewe, kwamba seva ndiyo inayoandika kila kitu na kompyuta za vyumbani zinatuma maombi tu, na Bi Taratibu alifurahi kujifunza kama msichana. Naye alimweleza sababu ya kila sanduku kwenye ile skrini ya kijivu. Mhandisi alitaka kufuta lile lililoandikwa "kiatu anachopenda," akidhani ni mapambo.

"Kisigino," alisema Bi Taratibu. "Mguu unapangwa kwa urefu wa kisigino. Mama wa watu akija kuchukua mguu kwa kandambili, halafu Jumapili avae viatu vya kutokea, ataanguka mbele za watu."

Sanduku lilibaki, likaongezewa hata mahali pa picha.

Siku ambayo Mpima alisema "izimwe," alisema bila kunong'ona. Bi Taratibu mwenyewe ndiye aliyeifunga Programu ya Miguu kwa mara ya mwisho. Skrini ya kijivu ilipotoweka, aliipangusa vumbi kwa kiganja. Kazi ya mikono yake ilikuwa imesimamisha watu wengi kuliko alivyoweza kuwakumbuka. Lakini haukupita muda Dada wa Mapokezi akamwandikisha mgonjwa wa kwanza kwenye programu mpya, Mpima akaita kutoka ng'ambo ya ukumbi kwamba ameshamwona, na Bi Taratibu akajikuta anatabasamu peke yake.

Mhandisi alimsindikiza hadi lango la nje, akimbebea mkoba.

"Mama, kuna bohari la mbegu limenipigia," alisema kwa kusitasita. "Nao wana programu ya zamani. Aliyeiandika alishafariki, na hakuna anayejua imejengwaje. Nimewaambia sitaenda peke yangu."

Bi Taratibu alisimama, akalinyoosha goti lake, akautwaa mkoba.

"Wanaoitumia ni wangapi kwa wakati mmoja?" aliuliza, na wakaendelea kuzungumza wakitembea mpaka kwenye kona ya nyumba yake, ambako mwalimu alikuwa amesimama mlangoni akiwangojea wote wawili kwa chakula.